UZI: Saa mbili kubishania ukumbi wa kata, dakika kumi kupitisha muundo wa halmashauri

#1 Kabrasha (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Wasimamizi naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa mitaro, ni vitu viwili tofauti.

Alhamisi nilikwenda kukaa kwenye baraza la madiwani, kile kikao cha robo mwaka. Manispaa siitaji na kata siitaji. Wa huku kwetu watajua, wengine fikirieni kata yoyote ya Dar yenye jengo la serikali lililopigwa kufuli. Wengi hawajui kwamba baraza ni kikao cha wazi: unaingia, unakaa nyuma, unafunga mdomo. Pembeni yangu alikaa mama aliyekuja kufuatilia uhamisho wa mwanae shuleni, akakosea mlango, akanogewa mpaka mwisho.

Kilichonipeleka ni agenda mbili.

Ya kwanza ni ukumbi wetu. Ulijengwa miaka ya sabini kwa nguvu za wananchi, na wazee wanakumbuka nani alileta mchanga na nani alikwepa. Matofali ya saruji, vioo vya kukunja, paa la asbesto. Ulianza na kisomo cha watu wazima, ukawa ofisi ya mtendaji wa kata, ukamalizia kama stoo ya masanduku ya kura. Mtendaji alipopata ofisi mpya, ukafungwa. Sasa wataalamu wanashauri ubomolewe, eneo apewe mbia ajenge fremu arobaini za maduka, halmashauri ikusanye kodi.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Mheshimiwa mmoja anataka zahanati. Mwingine maktaba. Mwingine kituo cha polisi, maana vibaka wamezidi. Akasimama wa nne kuuliza kama kamati iliyotembelea jengo iliwaona popo, na wakuu, tulikaa kwenye popo dakika ishirini nzima, mpaka Mstahiki Meya akagonga meza: "Waheshimiwa, tusijadili popo." Diwani wetu akauliza swali la maana kuliko yote: ufunguo anao nani? Kimya. Mkurugenzi akamtazama mkuu wa idara, mkuu wa idara akamtazama mthamini. Mthamini akakiri kwamba alipima kwa nje, vyumba vya ndani akakisia kwa kuchungulia dirishani.

Saa mbili. Ikaamuliwa irudi Kamati ya Mipango Miji.

Agenda ya pili ilikuwa maoni ya baraza juu ya mapendekezo ya kupitia upya mipaka na muundo wa halmashauri, yaani kama katiba ya jiji. Kabrasha la kurasa thelathini na moja, limegawiwa asubuhi ile ile. Mwanasheria akasoma muhtasari. "Waheshimiwa mnaafiki?" "Tunaafikiii!" Nilitazama saa, dakika kumi. Wakaenda kunywa chai.

Hoja yangu ni kwamba hiyo ya dakika kumi ndiyo ilikuwa ya ukumbi. Diwani wetu alinipa makabrasha yake baada ya kikao, nikayapekua usiku. Kiambatisho cha mwisho cha agenda ya kwanza ni nakala ya ofa ya kiwanja, ile barua ya serikali ya kumilikishwa ardhi, na jina lililoandikwa ni la Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, yaani lile Jiji la zamani lililovunjwa Februari 2021. Waheshimiwa walikuwa wanagombea nyumba ambayo mwenyewe ameshafariki na mirathi haijafunguliwa. Na mapendekezo ya muundo yakipita yalivyo, kata yetu inahamia halmashauri nyingine. Waliobishana saa mbili hawatakuwa na hata haki ya kuufagia ule ukumbi.

Nawasilisha.

#2 mtoto_wa_kota

Naweka kambi hapa. Wajuvi njooni.

#3 Fremu Tatu

Mkuu umeandika vizuri ila ukweli usemwe. Maktaba atasoma nani? Vijana wako kwenye simu. Fremu zinalipa kodi, kodi inachonga barabara. Kata yetu nzima fremu ukiipata bila kilemba ni bahati ya mtende. Popo wahame, biashara iingie.

#4 Karani Mstaafu

Kijana Kabrasha, nimekaa miaka mingi kwenye meza ya kuandika mihtasari ya vikao, kwa hiyo nikurekebishe kidogo kwa upendo.

Sisi hatuna kitu kinachoitwa katiba ya jiji. Halmashauri ya mjini inazaliwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, sheria ya mwaka 1982. Waziri mwenye dhamana anatoa amri, inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, halmashauri inapewa hati ya kuanzishwa. Mkono ulioandika amri ndio unaoweza kuifuta. Kilicho cha baraza lenyewe ni Kanuni za Kudumu: nani anasema lini, akidi ni ngapi, kamati zipi. Kuhusu mipaka, baraza linatoa maoni tu. Yanakwenda Kamati ya Ushauri ya Wilaya, kisha ya Mkoa, kisha TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa. Ndiyo maana walitumia dakika kumi, bwana. Mtu hajadili kirefu jambo ambalo halimalizwi na yeye.

Hilo la ofa halinishangazi. Ningeshangaa ungesema ofa ina jina sahihi.

#5 Kabrasha

> Karani Mstaafu aliandika: Mtu hajadili kirefu jambo ambalo halimalizwi na yeye.

Shikamoo mzee. Hapo ndipo naposhindwa kukubali. Kutoa maoni ndiyo sehemu pekee ambayo mwananchi wa kata anasikika kwenye mlolongo mzima huo. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Yakipelekwa kwa dakika kumi, yatafika yamechoka.

#6 Mzee wa Gerezani

Wajukuu, niwatembeze kidogo mjini, mtaona kwamba Kabrasha hajakosea.

Dar ilipata hadhi ya jiji Desemba 1961, ndiyo ule Mnara wa Saa ulijengwa kwa ukumbusho. Haukuzeeka sana, ikaja 1972, madaraka mikoani, halmashauri za miji zikafutwa. Mitaro ikaziba, taka zikalala, mwaka 1978 zikarudishwa. Mwalimu mwenyewe alikuja kukiri mwaka 1984 kwamba kufuta serikali za mitaa lilikuwa kosa, na yeye hakuwa mtu wa kukiri ovyo. Mwaka 1996 baraza likavunjwa tena, ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Mwaka 2000 tukapata Ilala, Kinondoni na Temeke, na Jiji juu yao kama mwamvuli. Baadaye zikazaliwa Ubungo na Kigamboni. Mwaka 2021 mwamvuli ukakunjwa, Ilala ikavikwa ujiji. Hesabuni wenyewe mara ngapi. Kila mara hiyo kuna mtu alibeba mafaili kwenye toroli kutoka jengo moja kwenda jingine, na kila safari ya toroli inadondosha karatasi.

Majengo lakini hayajui habari za tume wala amri. Boma la Kale pale Sokoine Drive lilijengwa na Sultani Majid miaka ya 1866 na 1867, kwa mawe ya matumbawe na milango ya Kizanzibari. Limehudumu kwa Wajerumani, kwa Waingereza, kwa ofisi zetu, likachoka, na mwaka 2017 likafunguliwa upya kama kituo cha urithi wa majengo ya jiji. Hospitali ya Ocean Road ni ya Wajerumani ya 1897, na tangu 1996 ni taasisi ya saratani. Ukumbi wa Karimjee, Bunge lilikaa mle, leo mwananchi wa kawaida anaijua kama mahali pa kuagia marehemu wakubwa.

Hata Kariakoo mnayoishi kwa jasho lake ni jengo lililobadilishwa kazi. Wajerumani walijenga banda kubwa kwa shughuli zao, vita ya kwanza ikawakuta. Waingereza wakaweka pale kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ulimi wetu ukasema Kariakoo. Baada ya vita likawa soko. Hili soko la kisasa lenye paa kama miavuli alilichora Beda Amuli, likafunguliwa 1975. Likaungua Julai 2021, likajengwa tena. Fremu Tatu mwanangu, biashara yako yote imesimama juu ya jengo la umma ambalo mtu aliona lina kazi nyingine.

#7 Fremu Tatu

> Mzee wa Gerezani aliandika: biashara yako yote imesimama juu ya jengo la umma

Shikamoo babu. Nimeinama. Lakini si umeona mwenyewe, lilibadilishwa likawa SOKO 😂

#8 BintiUpanga

Fremu Tatu, soko la watu lilikuwepo, watu walikuwepo, ndipo jengo likafuata. Kumbuka Machinga Complex pale Ilala. Jiji la zamani lilikopa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, likajenga ghorofa, mwaka 2010 likawa tayari, na wamachinga waliojengewa wakabaki barabarani kwa sababu mteja hapandi ngazi kununua soksi. Deni likabaki. Jiji lenyewe likavunjwa na deni likiwa bado linazungumzwa. Kwa hiyo mtu akiniambia fremu arobaini ndani ya mtaa usio na kituo cha daladala, namuuliza kwanza nani atapita mbele ya fremu ya arobaini.

Mimi ni mchoraji wa majengo kitaaluma, niongeze kidogo. Kubomoa kuna gharama ambayo haimo kwenye makabrasha. Paa la asbesto huliangushi kwa nyundo kama bati. Vumbi lake linaingia kwenye mapafu na linakaa huko, mtu anaugua miaka mingi baadaye. Linatolewa likiwa limeloweshwa, bila kuvunjwavunjwa, linafungwa na kuzikwa mahali maalumu. Kuta za matofali ya miaka ile kwa kawaida ni nzito kuliko tunazojenga sasa kwa ratio ya kubana saruji. Ondoa paa kwa utaratibu, weka bati jipya, inua urefu wa madirisha joto lipungue, una jengo. Kabrasha, wataalamu walilinganisha gharama ya ukarabati na ya kubomoa?

#9 Kabrasha

Dada hapana. Kuna mstari mmoja tu: "jengo ni chakavu". Kama alivyosema mthamini mwenyewe, chakavu cha kuchungulia dirishani.

#10 Mbongo wa Oregon

Salamu kutoka Portland. Naona mzee Karani kasema sisi hatuna katiba ya jiji. Huku ndiyo habari ya mjini, ngoja niwape kidogo.

Miji mingi Marekani ina hati yake kuu, kama katiba ndogo. Inasema meya ana nguvu gani, madiwani wangapi, wanachaguliwaje. Portland wana tume ya wananchi ishirini ambayo lazima iitwe angalau kila baada ya miaka kumi kuipitia. Tume iliyopita ilikuja na mapendekezo makubwa na Novemba 2022 wananchi wakapiga kura wakakubali. Zamani meya na makamishna wanne walichaguliwa na mji mzima, na kila mmoja alikuwa pia bosi wa idara zake: huyu maji, huyu barabara, huyu zimamoto. Ukiwa na shida ya bomba na kamishna wa maji hakupendi, imekula kwako. Sasa ni madiwani kumi na wawili kutoka kanda nne, na idara ziko chini ya mtendaji wa kuajiriwa. Walianza Januari 2025.

Msidhani ni peponi. Wale kumi na wawili siku za mwanzo walihangaika hata kumpata mwenyekiti, kura zinafungana sita kwa sita, wanarudia na kurudia. Nilicheka nikakumbuka nyumbani. Ila kila mtu mtaani alijua kinachopigiwa kura ni nini, kijitabu kinaletwa nyumbani kwenye sanduku la barua.

#11 Karani Mstaafu

Ahsante kijana wa Oregon. Tusisahau tofauti moja lakini. Huko jiji ni mtoto aliyepewa shamba lake mwenyewe. Hapa jiji ni mtoto anayelima shamba la baba, na mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa na Rais. Huwezi kuhamisha utaratibu wa kule ukaupanda hapa kama mche wa mwembe.

#12 Jirani wa Nakuru

Majirani, mko aje? Nimepitia tu. Sisi tuko katikati yenu. Sheria yetu ya miji ya 2011 inasema manispaa ikitaka kuwa jiji bunge la kaunti lipitishe, Seneti ipitishe, halafu Rais atoe hati. Nakuru tulipewa yetu tarehe 1 Desemba 2021, Eldoret wakapata Agosti 2024. Tulicheza ngoma siku hiyo. Kesho yake mtaro wa kwetu ulikuwa umeziba vilevile.

Kuhusu jengo, Nairobi kuna lile la mkuu wa mkoa wa zamani, la 1913. Watu waliandikisha humo vizazi, ndoa na vifo. Leo ni jumba la maonyesho ya sanaa. Mlango ni uleule alioingilia babu kuoa.

#13 mtoto_wa_kota

Jirani karibu, ila mtaro kuziba siku ya pili ya ujiji, hiyo umetuibia Dar.

#14 Fremu Tatu

Sasa nawauliza wasomi. Kama ofa ina jina la marehemu, na kata inahama, kwa nini wanakimbilia mbia sasa hivi? Si wasubiri? Mimi mfanyabiashara siingii mkataba wa miaka mingi na mtu ambaye hati si yake. Hata fremu ya kuuzia chipsi naomba kwanza kuona karatasi.

#15 BintiUpanga

Fremu Tatu leo umeua. Hilo ndilo swali lilitakiwa kuulizwa barazani badala ya popo.

#16 Karani Mstaafu

Swali la Fremu Tatu nitalijibu kwa uzoefu, si kwa kumshuku mtu. Halmashauri inayojua kata inaondoka huwa na haraka ya kuacha alama: mkataba, jiwe la msingi, bango. Halmashauri inayopokea inarithi mkataba na wala haikuwepo kwenye mazungumzo. Mbia akidai, anadai kwa aliyepokea. Nimeandika mihtasari ya vikao vya namna hiyo kwa mkono wangu.

Dawa ni ya kiofisi, haina shangwe. Baraza liombe rejista ya mali za kudumu za kata zote zinazoguswa na mabadiliko ya mipaka, iwe kiambatisho cha maoni yale ya kurasa thelathini na moja. Jengo, kiwanja, jina lililo kwenye ofa, anayelitumia sasa. Mali ambayo jina halijarekebishwa isiingie mkataba wowote mpaka irekebishwe. Diwani wako anaweza kuleta hoja hiyo kwa maandishi kwa mujibu wa Kanuni za Kudumu. Aiwahishe kabla muhtasari haujathibitishwa, maana maoni yakishapanda mkoani utaandika barua mpaka kalamu iishe wino.

#17 Kabrasha

Mzee nimempelekea diwani leo mchana, nimemsomea neno kwa neno. Amesema ataandika. Pia amesema, naomba nimnukuu bila jina: "Hayo makurasa thelathini na moja hata mimi sikuyasoma." Angalau ni mkweli. Kuna waheshimiwa watakuapia wameyasoma mara mbili.

Nilipita pia idara ya ardhi kuuliza jina kwenye ofa linabadilishwaje. Kijana wa dirishani aliniuliza, "Wewe ni mmiliki?" Nikasema mmiliki amevunjwa. Akaniambia nimlete.

#18 Mzee wa Gerezani

😂😂 Mlete marehemu asaini.

Wajukuu, kuna kitu kimoja. Ukumbi kama huo uliojengwa kwa kuchangishana lazima ulikuwa na daftari. Enzi zile balozi wa nyumba kumi alikuwa anaandika kila aliyetoa, mfuko wa saruji au siku ya kazi. Karatasi ya ofa imekosea jina, daftari halikosei. Ulizeni wazee wa mtaa, hasa wajane. Wanawake hawatupi karatasi.

#19 Mbongo wa Oregon

Mzee hilo ni jambo kubwa. Mkilipata daftari lipigeni picha kila ukurasa kabla halijakabidhiwa ofisi yoyote ile.

#20 Mama Cherehani

Habari zenu. Mimi si mwandishi humu, nasomaga tu, mwanangu ndiye kanifungulia akaunti leo. Ni yule mama niliyekaa pembeni ya Kabrasha kwenye baraza. Sikukosea mlango baba. Nilisema vile kwa sababu niliogopa kuulizwa nimefuata nini.

Ufunguo ninao mimi.

Marehemu mume wangu alikuwa mlinzi wa ule ukumbi tangu wakati wa kisomo. Ofisi ya mtendaji ilipohama hakuna aliyekuja kuudai, wala mshahara wake wa miezi ya mwisho haukuja. Mimi huwa nafungua kila baada ya wiki mbili nafagia. Nina vyerehani vitatu mle, kuna wasichana watano nawafundisha, kwa pazia la nyuma hatuonekani kwa dirishani. Waheshimiwa walipouliza ufunguo nilitaka kunyoosha mkono, nikakumbuka hatutakiwi kusema.

Daftari analosema mzee lipo kwenye kabati la chuma. Ni madaftari mawili, moja limeliwa na mchwa pembeni.

Jumamosi nipo mpaka saa nane mchana. Dada mchoraji njoo uone kuta. Na mthamini akitaka, aje apime kwa ndani. Popo wapo chumba kimoja tu.